Tony Rickardsson: mataji 6, kanuni 3, na mita 30 za kwanza

Pikipiki ya spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, haina breki. Mbele haina, nyuma haina. Ukimweleza hivyo fundi wa Gerezani au dereva wa bodaboda wa Tandika, swali linalofuata huwa ni lile lile: sasa inasimamaje? Inasimama kwa dereva kuilaza mpaka tairi la nyuma likwangue udongo na mwendo kuisha, au kwa kukata mafuta baada ya mstari wa mwisho na kuiacha injini yenyewe ivute mwendo chini. Haina gia za kubadilisha, haina betri, haina shokapu nyuma. Injini ni ya silinda moja, cc 500, na inakunywa methanoli. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77, kwa hiyo Boxer ya kawaida kijiweni ni nzito kuliko chombo hicho. Juu ya chombo hicho Tony Rickardsson wa Uswidi alikuwa bingwa wa dunia mara 6: 1994, 1998, 1999, 2001, 2002 na 2005.

Kabla yake aliyekuwa na mataji 6 ni Ivan Mauger wa New Zealand, kati ya 1968 na 1979. Ove Fundin, Mswidi aliyetawala miaka ya hamsini na sitini, aliishia 5. Bartosz Zmarzlik wa Poland naye ameifikia 6 mwaka 2025. Hao wote ni magwiji, na sitaki kuwapanga foleni. Ninachotaka kueleza ni jambo moja la Rickardsson ambalo halisemwi vya kutosha: mataji yake yalipatikana chini ya kanuni tatu tofauti za kumtafuta bingwa, na kila kanuni ilidai pikipiki ifungwe kivingine na dereva afikiri kivingine.

Kwa asiyewahi kuona: mbio moja ni ya madereva wanne, mizunguko minne, kushoto tu. Uwanja una urefu wa kati ya mita 260 na 425, kwa hiyo ile njia ya kukimbilia pale Uwanja wa Mkapa, yenye mita 400, ingeingia kwenye kipimo. Mbio inakwisha ndani ya dakika moja hivi. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Rangi za helmeti ni nyekundu, bluu, nyeupe na njano. Hakuna taa ya kijani ya kuondokea. Kuna utepe umekingamishwa mbele ya magurudumu, ukifyatuka juu mnaondoka. Ukiugusa kabla haujafyatuka umetolewa kwenye mbio hiyo, au kwa kanuni za baadhi ya ligi unarudishwa mita 15 nyuma ya wenzako, jambo ambalo kwa mbio ya dakika moja ni karibu sawa na kutolewa.

Rickardsson alizaliwa 1970, eneo la Avesta katika mkoa wa Dalarna, na klabu ya kwao pale ni Masarna. Mwaka 1991, akiwa na miaka 21, alishika nafasi ya pili duniani kwenye fainali iliyofanyika Göteborg, nyuma ya Jan O. Pedersen wa Denmark. Uingereza alianzia Ipswich. Fainali za wakati ule zilikuwa za siku moja: madereva 16, mbio 20, kila dereva anapanda mara 5 na anakutana na kila mwenzake mara moja. Ukipata zote unafikisha pointi 15. Mwaka mzima wa kuchujwa unakwisha kwa dakika tano za kuwa juu ya pikipiki. Cheni ikikatika mara moja, mwaka umeondoka.

Fainali ya 1994 ilikuwa Vojens, Denmark, na ndiyo ilikuwa ya mwisho ya aina hiyo, baada ya utaratibu ulioanzia Wembley mwaka 1936. Mbio 20 zilipokwisha, watu watatu walikuwa na pointi 12 kila mmoja: Rickardsson, Craig Boyce wa Australia, na Hans Nielsen, Mdenmark aliyekuwa kwao na mashabiki wake. Ikaitwa mbio ya ziada. Mbio moja, mizunguko minne, ubingwa wa dunia. Rickardsson akaishinda, Nielsen wa pili, Boyce wa tatu.

Mbio kama hiyo inaamuliwa wapi? Mara nyingi ndani ya mita 30 za kwanza. Anayeingia kona ya kwanza mbele anakimbia kwenye hewa safi. Walio nyuma yake wanapigwa na udongo unaorushwa na tairi lake, na udongo huo si vumbi la kupangusa kwa kiganja: miwani inaziba, ndiyo maana madereva huvaa karatasi za plastiki juu ya kioo na kuchomoa moja moja wakiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo tuanze hapo kwenye geti, yaani nafasi ya kuondokea pale kwenye utepe.

Muangalie dereva kabla ya kuondoka. Anashuka na kuanza kukwangua ardhi kwa buti pale gurudumu la nyuma litakapokaa. Anatafuta udongo wenye unyevu kidogo, unaoshikana. Anautoa ule uliolegea na kusawazisha kijitaro cha tairi. Kisha anapanda, anaiweka klachi ndani, anapandisha mzunguko wa injini na kuushikilia hapo hapo, kifua kikiwa juu ya usukani. Utepe ukifyatuka, vidole vya kushoto vinaachia klachi. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiiachia yote kwa mkupuo mahali penye mshiko mzuri, gurudumu la mbele linapaa, unalazimika kukata mafuta ili lishuke, na wenzako wameshaondoka. Ukiiachia mahali pakavu penye utelezi, tairi la nyuma linazunguka palepale kama la gari lililokwama kwenye mchanga wa Kigamboni. Unachotaka ni katikati: tairi liteleze kidogo tu, mwili ulale mbele, gurudumu la mbele liguse ardhi kwa mbali. Mguu wa kushoto unatangulia, na mwili unasogea nyuma kadiri pikipiki inavyopata mwendo ili uzito uende kwenye tairi.

Klachi yenyewe nayo ina ugonjwa wake. Ikipata joto kwa kushikiliwa muda mrefu getini, sahani zinatanuka na inaanza kuvuta kabla hujaiachia. Pikipiki inasogea yenyewe na kugusa utepe. Ndiyo maana madereva wazoefu hawapandishi mzunguko mapema, na mafundi wao hufungua klachi katikati ya mashindano, wanaangalia sahani kama zimebadilika rangi, wanapima kama zimepinda. Sahani iliyopinda hata kidogo haitenganishi vizuri, na kwa pikipiki yenye gia moja klachi isiyotenganisha ni sawa na kuondoka bila ruhusa. Kanuni haitofautishi kati ya dereva aliyeiba na klachi iliyokwama.

Mwaka 1995 ulikuja mfumo wa Grand Prix, mashindano kadhaa katika nchi mbalimbali kwa mwaka, pointi zikijumlishwa. Kuanzia 1998 mpaka 2004 yalikuwa na madereva 24 kwa usiku mmoja na mtindo wa mchujo: wawili wa mbele wanasonga, wawili wa nyuma wanashuka, ukishuka mara mbili umemaliza kazi. Wenye nafasi za juu walikuwa hawaanzi mwanzoni. Waliingia baadaye, wenzao wakiwa wameshaukanyaga uwanja na kuubadilisha.

Watu wanaona kuingia baadaye ni upendeleo. Kwa fundi ni mtihani. Uwanja wa spidiwei haubaki vile ulivyokuwa saa moja iliyopita. Mwanzoni udongo uko sawa kote, una maji, unashika. Kila mbio inausukuma nje kuelekea uzio. Baada ya mbio kumi, ndani pamebaki sakafu ngumu inayoteleza, na ule udongo wenye mshiko umejilimbikiza nje kama kingo. Trekta hupita kila baada ya mbio nne, gari la maji linamwaga, lakini hali haiwi ile ya mwanzo. Anayejua barabara za moramu za pembezoni mwa Dar, kule Chanika au Mbezi ya ndani, anaielewa hali hii bila kuelezwa: njia ya magurudumu inakuwa ngumu na laini kama sahani, changarawe zote zinahamia pembeni. Sasa dereva mwenye nafasi ya juu anaingia kwenye uwanja kama huo mbio yake ya kwanza ya usiku, hajaugusa, na akikosea mara mbili anarudi hotelini.

Katika mfumo huo nafasi ya pili ilitosha. Hicho ndicho Rickardsson alikielewa mapema kuliko wengi, kwa maoni yangu. Hukuhitaji pikipiki yenye kasi kuliko zote usiku ule, ulihitaji pikipiki ambayo haikuangushi kwenye geti lolote kati ya manne, iwe la ndani lenye utelezi au la nje. Kati ya mataji matano ya 1998 mpaka 2002 alichukua manne: 1998, 1999, 2001 na 2002. Ule wa 2000 ndio uliomponyoka, ukaenda kwa Mark Loram wa Uingereza.

Kuifunga pikipiki kwa uwanja uliobadilika kunaanza na sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Spidiwei ina gia moja, hivyo uwiano wa meno ndiyo gia yenyewe. Fundi anakuja na rundo la sproketi za nyuma zinazopishana jino moja moja. Tuseme ya nyuma ina meno 55. Ukiongeza jino moja umebadilisha uwiano kwa asilimia 1.8 hivi. Inaonekana ndogo, lakini inasikika. Uwanja mdogo wenye kona za kubana, au udongo mzito wenye maji, unataka meno mengi nyuma ili injini ivute. Uwanja mkubwa unataka machache ili injini isiishiwe pumzi kwenye mstari mnyoofu. Na uwanja uliokauka na kuteleza pia unataka machache, kwa sababu ukiacha nguvu nyingi ifike kwenye tairi litazunguka bure. Makosa ya wanaoanza ni kuona wameachwa getini na kuongeza meno, wakidhani injini haina nguvu, kumbe nguvu ilikuwa nyingi na tairi ndilo lililoshindwa kuishika ardhi. Wanaongeza tatizo kwa mikono yao. Angalia alama iliyobaki ardhini pale ulipoondokea: ukiona shimo, ulizungusha tairi, ukiona mstari mwembamba halafu mwenzio akakupita, hapo ndipo pa kuongeza jino.

Hesabu hii hata kwa bodaboda inafanya kazi. Ukiwa na sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma 42, kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Mtu wa mizigo anayepanda vilima vya Kimara na gunia mbili anaweza kufaidika, lakini ajue mafuta yataongezeka kwenye safari ndefu, na cheni inayopinda kwenye sproketi ndogo inaisha haraka.

Tairi la nyuma ni la rimu ya inchi 19, la mbele ni inchi 23, jembamba na refu kuliko tulilozoea. Upepo unaowekwa ni mdogo sana ili tairi lilale na kushika. Kwa upepo huo, nguvu ya injini ingeweza kulizungusha tairi ndani ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu, kwa hiyo kunafungwa vishikio maalumu vinavyolibana tairi lisihame. Kwa kuwa pikipiki inalala kushoto tu, tairi linalika upande mmoja. Baada ya mbio moja au mbili kingo za vitufe vya tairi zinakuwa zimeviringika, hazichimbi tena. Fundi analitoa na kuligeuza, upande mkali uje kushoto. Ikishalika pande zote mbili, kwa mashindano makubwa imekwisha, hata kama kwa macho ya bodaboda bado ni tairi jipya.

Na kona yenyewe? Hili ndilo linalomshangaza kila dereva wa barabarani. Dereva anaingia kwa kuilaza pikipiki kushoto na kufungua mafuta mpaka tairi la nyuma lipoteze mshiko na kutoka nje. Kuanzia hapo usukani unaelekea kulia huku yeye anakwenda kushoto. Mguu wa kushoto uko chini, umevalishwa kiatu cha chuma juu ya buti. Kipande hicho ukikishika mkononi utaona kimelika chini mpaka kimeng'aa, kimekunjwa kwenye kidole ili kisichimbe, na kisigino chake kimefungwa kwa mkanda. Uzito hauegemezwi juu yake. Kinateleza tu, kinapima ardhi iko wapi.

Sasa hofu ikikuingia katikati ya kona, mkono wako utataka kukata mafuta. Ni kosa linaloumiza kuliko yote. Tairi lililokuwa linateleza linashika ghafla, pikipiki inasimama wima na kukurusha upande wa pili, au inakwenda moja kwa moja kwenye uzio. Katika spidiwei mafuta ndiyo usukani. Ukitaka kubana kona unafungua zaidi ili nyuma itoke zaidi; ukitaka kupanuka unapunguza kidogo kidogo. Kamba iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono inazima injini ukianguka, lakini haizuii anayekuja nyuma yako bila breki. Mswidi Per Jonsson, bingwa wa dunia wa 1990, alipooza baada ya ajali mwaka 1994, mwaka uleule Rickardsson alipopata taji lake la kwanza. Mchezo huu una bei hiyo na hakuna haja ya kuificha.

Methanoli inahitaji maneno yake. Petroli inachomeka vizuri kwa kilo moja ya mafuta na karibu kilo 14.7 za hewa. Methanoli inataka hewa kilo 6.4 tu, maana yake injini ileile inameza zaidi ya mara mbili ya mafuta, na jeti ya kabureta, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, lazima iwe kubwa kwa kiasi hicho. Faida ni kwamba ikigeuka mvuke inapooza injini sana, na inavumilia mgandamizo mkubwa bila kugonga. Oili nayo haizunguki. Inaingia, inapaka, inatoka, kwa sababu methanoli inayopenya kwenye ringi ingeiharibu. Wengi wametumia oili ya mbarika, yaani mnyonyo, kwa jinsi inavyong'ang'ania chuma, na harufu yake ndiyo harufu ya spidiwei yenyewe. Ubaya wake ni kuacha utando kama gundi ikikaa.

Usiku wa mashindano ukiisha, fundi hafungi boksi na kuondoka. Anamwaga tangi lote, anafungua bakuli la kabureta na kuliosha kwa petroli, anapuliza jeti. Anadondoshea oili kidogo kwenye silinda kupitia tundu la plagi, anazungusha injini kwa mkono, kisha anaiacha pistoni juu na valvu zote zimefunga. Akiacha methanoli ndani, inavuta unyevu wa hewani na kula alumini, na baada ya siku chache utakuta unga mweupe umeziba jeti. Kwa unyevu wa hewa ya Dar ingekuwa haraka zaidi. Injini inayoondoka vizuri kisha inakohoa kwenye mzunguko wa pili, tafuta hapo kwanza.

Nawaomba ndugu zangu madereva: msijaribu kumimina methanoli kwenye Boxer. Kwa jeti ya petroli injini inabaki na mafuta machache mno, inachemka na pistoni inatoboka. Moto wake mchana hauonekani, mtu anaungua na wenzake hawajui anachokimbia. Inapita kwenye ngozi, na ikinywewa hata kidogo inapofusha na kuua.

Mwaka 2005 kanuni ikabadilika tena: madereva 16, mbio 20 kama zamani, kisha nusu fainali na fainali, na kila pointi ya usiku ikihesabiwa kwenye msimu. Nafasi ya pili haikutosha tena. Rickardsson alikuwa anaingia miaka 35, umri ambao wengi wameshapunguza kasi, na angeweza kubaki na ufungaji uliompa mataji manne. Alibadilika. Akashinda taji la sita mbele ya Jason Crump wa Australia, aliyekuwa bingwa wa 2004. Wakati huohuo alikuwa anaendesha ligi ya Poland katika klabu ya Tarnów pamoja na Tomasz Gollob. Ratiba ya dereva wa kiwango chake ni Jumamosi Grand Prix, Jumapili Poland, Jumanne Uswidi. Pikipiki hazipandi ndege kila siku; kila nchi ina pikipiki zake, fundi wake na rundo lake la sproketi, na zote lazima zifungwe sawasawa, klachi ikae kwenye kidole kwa namna ileile. Yeye ndiye anayetajwa sana kwa kuingiza mazoezi ya mwili, wadhamini na nidhamu ya ofisi kwenye mchezo uliokuwa wa gereji. Aliacha mwaka 2006, msimu ukiwa katikati, akahamia kwenye mbio za magari.

Mashindano ya majira ya joto yanayoanza saa moja jioni kwa saa za Uswidi, kwetu ni saa mbili usiku. Ukipata pa kuyatazama, mbio nne za kwanza usimwangalie anayeongoza. Angalia vidole viwili vya mkono wa kushoto pale kwenye utepe, halafu angalia ardhi walipoondokea. Kwenye mbio ya tano, baada ya trekta kupita, angalia nani amebadilisha sproketi.